Je, Ndege Hufukuza Mvua? Jibu Tunalodaiwa na Wananchi wa Nateete

Miongoni mwa kazi za afisa uhusiano wa jeshi ni kujibu maswali ya wananchi, na maswali hayo aghalabu si ya bunduki wala gwaride. Swali moja tuliulizwa mtaani Nateete, kusini-magharibi mwa jiji la Kampala, tukalijibu kwa haraka na kwa sauti ya amri. Na tulilijibu vibaya. Makala hii tunaiandika ili tulijibu upya, maana jibu lile halikuishia hewani. Liliwagharimu watu.

Ulikuwa mwezi Machi. Mvua za masika zilikuwa zimechelewa, na vumbi la barabara ya Masaka lilitanda juu ya vibanda vyote vya soko. Asubuhi hiyo tulikuwa tumeketi na wazee kwenye baraza ya duka moja, kando ya mfereji mdogo unaoteremka kuelekea Nalukolongo. Ndege ikapita juu sana, ndogo kama sindano, ikaacha nyuma yake mstari mweupe. Mstari ule haukupotea. Ulikaa, ukapanuka, ukawa kama utepe uliotandazwa mbinguni. Mzee mmoja, aliyefyatua matofali tangu ujana wake, akaunyoshea fimbo akasema, "Afande, mwanangu, wewe ni mtu wa serikali, hutatudanganya. Watu wanasema ndege hizi zinapasua mawingu na kufukuza mvua. Wengine wanasema ni zenu. Je, ni kweli?"

Tukajibu kama anayehutubia kikosi: "Hapana, mzee wetu. Ndege haina uhusiano wowote na mawingu. Huo ni uvumi wa watu wasio na kazi."

Mjukuu wa mzee, kijana wa sekondari, akatoa simu yake akatuonyesha picha. Wingu jeupe lilikuwa limetanda mbingu nzima, na katikati yake palikuwa na tundu la mviringo, kama lililokatwa kwa mdomo wa kikombe. Maelezo chini ya picha yalisema kwamba tundu hilo limetobolewa na ndege. "Na hii, afande?" akauliza kwa adabu. Hatukuwa na jibu. Tukasema kwamba picha za simu si za kuaminiwa, tukaaga, tukaondoka.

Baadaye tulipotafuta tuligundua kwamba picha za namna ile ni za kweli. Lakini kabla hatujarudi kukiri, habari ilikuwa imekwisha enea mtaani kwamba hata afande ameulizwa akaficha. Kila mwaka, kabla ya masika, watu wa upande ule hushika majembe wakazibua mfereji wao. Mwaka huo walisema, ya nini? Mvua imekwisha fukuzwa. Ikaja usiku mmoja wa Aprili, ikakuta mfereji umejaa chupa na mifuko ya plastiki, ikaingia nyumbani. Mama mmoja auzaye unga wa posho alipoteza magunia manne. Hakutulaumu. Alisema tu, "Afande, siku ile ungesema hujui."

Basi tulikwenda kujifunza, na haya ndiyo tuliyojifunza.

MSTARI MWEUPE NI WINGU

Mafuta yanayochomwa na injini za jeti ni ndugu wa mafuta ya taa. Ndani yake mna haidrojeni, na haidrojeni ikiungua hugeuka kuwa maji. Kila kilo 1 ya mafuta ikiungua hutoa mvuke wa maji wa takriban kilo 1 na robo. Mvuke huo ukitoka katika injini na kukutana na hewa ya baridi kali, ya kiasi cha digrii 40 chini ya sifuri au kuzidi hapo, hugeuka matone, na matone huganda mara moja yakawa chembe za barafu. Masizi ya injini ndiyo yanayoyapa matone hayo mahali pa kujishikiza. Yeyote aliyewahi kuamka alfajiri huko Kabale ameona pumzi yake ikitoka nyeupe kinywani. Jambo ni lile lile, ila huko juu baridi ni kali mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo ule mstari si moshi, wala si dawa inayomwagwa. Ni wingu lililotengenezwa na ndege. Mjerumani Ernst Schmidt mwaka 1941, na Mmarekani Herbert Appleman mwaka 1953, ndio walioeleza kwa hesabu ni baridi gani na unyevu gani unaowezesha mstari huo kutokea. Miaka ile wakuu wa majeshi walikuwa na sababu ya kutaka kujua. Katika chuo cha makadeti tulifundishwa jinsi ndege za Marekani za kutupa mabomu, zilizokuwa zikiruka kutoka Uingereza kwenda Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili, zilivyojifichua zenyewe kwa mistari yake. Rubani angeweza kuipaka ndege yake rangi ya mbingu, lakini mkia mweupe nyuma yake ulimwonyesha adui mahali alipo, naye adui angali mbali.

Mzee wetu aliuliza pia kama ndege hizo ni zetu. Hapa yafaa kueleza jambo moja la nchi zilizo kwenye mstari wa ikweta. Barani Ulaya wakati wa baridi, hewa ya digrii 40 chini ya sifuri hupatikana kwenye kimo cha kilomita 8 hivi. Juu ya Kampala ndege hulazimika kupanda hadi karibu kilomita 11 ndipo iikute. Ndege zinazoteremka kwenda Entebbe, au zinazopaa kutoka huko, hupita karibu yetu zikiwa chini mno kuweza kuacha mstari. Mistari tunayoiona Nateete aghalabu ni ya ndege za safari ndefu zinazopita tu juu ya nchi yetu, kama zile ziendazo Ulaya kutoka kusini mwa Afrika. Abiria wake hata hawajui kwamba chini yao pana soko na mzee mwenye fimbo.

Wapo wanaouliza, mbona jana ndege ilichora mstari mrefu na leo haikuchora? Huona katika tofauti hiyo ushahidi kwamba jana ilibeba sumu. Tofauti imo katika hewa yenyewe. Hewa ya juu ikiwa kavu, chembe za barafu hukauka upesi, na mkia huwa mfupi, au usionekane kabisa. Hewa ikiwa imejaa unyevu, chembe zile huendelea kunywa maji yaliyomo hewani, hunenepa na kutawanyika, mpaka mstari unakuwa wingu jembamba lisilotofautiana na mawingu mengine ya juu. Shirika la Hali ya Hewa Duniani, katika kitabu chake cha mawingu cha mwaka 2017, liliyapa mawingu haya nafasi na jina lake rasmi, kwa kuwa ni mawingu yaliyotokana na kazi ya binadamu.

Mzee aliona sawasawa: ndege ilifanya kitu mawinguni. Ila haikuondoa wingu, iliongeza.

TUNDU LA KIJANA

Na ile picha ya tundu je? Hapa ndipo tunapomwomba radhi kijana wetu.

Maji hayagandi kila mara yafikapo sifuri. Yakiwa katika matone madogo mno, angani, huweza kupoa hadi digrii 15 au 20 chini ya sifuri, na hata kupita hapo, yakabaki maji, kwa kuwa hayakupata chembe ya kuyaanzisha kuganda. Yako mawingu ya namna hiyo, yametandazwa kama mkeka, yamejaa matone yanayongoja kama askari wangojao amri. Ndege ikipita ndani yake, hewa iliyo juu ya mabawa, au kwenye ncha za rafadha, hupanuka ghafla. Na hewa ipanukapo hupoa. Kwa nukta chache hupoa kwa digrii 20 au zaidi, na matone ya mahali hapo huganda. Hiyo ndiyo amri. Chembe za barafu huanza kunyonya mvuke, matone ya jirani hukauka, barafu hukua, ikawa nzito, ikaanguka kama theluji nyembamba. Pale ilipotoka hubaki tundu, na tundu huendelea kupanuka kwa saa nzima au zaidi baada ya ndege kwenda zake.

Tarehe 29 Januari 2007 setilaiti ilipiga picha ya matundu mengi ya namna hii juu ya Texas na majimbo jirani ya Marekani. Andrew Heymsfield na wenzake walichapisha mwaka 2010 na 2011 maelezo yaliyothibitisha kwamba ndege za rafadha na za jeti, zote mbili, huweza kuyatoboa.

Lakini tuangalie ni wingu gani linalotobolewa. Ni mkeka mwembamba wa juu, ambao hata usingetobolewa usingetupa mvua ya kupandia maharage. Theluji iangukayo kutoka humo mara nyingi hukauka kabla ya kugusa ardhi. Mvua ya Nateete haitoki huko. Hutoka katika mawingu makubwa kama milima, ambayo kitako chake kiko kilomita moja au mbili tu juu ya mapaa yetu, na kilele chake huweza kufika kilomita 15 au kupita. Ndani yake mna pepo za kupanda na kushuka zinazoweza kuirusha ndege kama jani. Muulizeni rubani yeyote atawaambia: akiliona wingu hilo mbele yake hulizunguka. Wingu halimkimbii rubani; rubani ndiye alikimbiaye wingu.

MAJESHI NA MVUA

Sasa tuseme jambo ambalo siku ile hatukulisema, kwa sababu tulidhani halitatupendeza sisi tuvaao sare. Dhana ya wananchi kwamba jeshi laweza kuchezea mvua haikutoka kichwani mwa mlevi. Liko jeshi lililojaribu.

Tarehe 13 Novemba 1946 Mmarekani Vincent Schaefer alipanda ndege juu ya Massachusetts, akamwaga barafu kavu, yaani hewa ya kaboni iliyogandishwa, ndani ya wingu lenye matone ya baridi. Wingu likaanza kugeuka theluji. Muda mfupi baadaye mwenzake Bernard Vonnegut aligundua kwamba moshi wa aidini ya fedha hufanya kazi hiyo hiyo. Kuanzia hapo watu walianza kuota kuamuru mvua.

Afrika Mashariki haikuachwa nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilifanya majaribio ya kuchochea mvua huko Kongwa, Tanganyika. Nchini Kenya, mashamba ya chai ya Kericho na Nandi, ambayo mvua ya mawe huyapiga kuliko karibu mahali pengine popote duniani, yalijaribu maroketi katika miaka ya 1960, kisha ndege zilizochoma aidini ya fedha chini ya mawingu, kwa tumaini kwamba mawe yangekuwa madogo na majani ya chai yangesalimika. Faida yake ilibishaniwa na wataalamu wenyewe.

Kisha ikaja Vietnam. Kuanzia mwaka 1967 hadi 1972 ndege za kijeshi za Marekani zilifanya kwa siri safari zaidi ya 2,600 za kupanda mbegu za aidini mawinguni, zikitaka kurefusha masika ili barabara za adui zigeuke tope. Siri ilipofichuka, mataifa yalikutana, na mwezi Mei 1977 huko Geneva mkataba ulifunguliwa kutiwa saini, unaokataza kutumia mazingira kama silaha ya vita. Ulianza kufanya kazi mwezi Oktoba 1978.

Tazama lakini jambo linalojirudia katika visa hivi. Hapakuwa na hata mmoja aliyeumba mvua mahali pasipo wingu. Wote walihitaji wingu lililokwisha iva, wakaliongezea kichocheo, na hata hapo hawakuweza kusema kwa hakika ni matone mangapi waliyoongeza. Na wote walibeba kemikali maalum kwa kusudi hilo. Ndege ya abiria ipitayo kilomita 11 juu ya Nateete haina shughuli hiyo.

ZIWA NDILO SHAHIDI

Mwenye shaka na aliulize Ziwa Viktoria. Usiku pepo za nchi kavu hukutana juu ya maji yake yenye joto na kuinua mawingu makubwa ya radi. Alfajiri mengi huelea kuja kwetu upande wa kaskazini na magharibi. Ndiyo sababu Entebbe na Kampala huamka mara nyingi kwa ngurumo. Na ukanda mkuu wa mvua hupita juu yetu mara mbili kwa mwaka, ukituletea mvua za Machi hadi Mei, na zile zianzazo Septemba.

Ndege za jeti si wageni katika mbingu hii. Tarehe 2 Mei 1952 ndege aina ya Comet iliondoka London kwenda Johannesburg katika safari ya kwanza duniani ya ratiba ya kuchukua abiria kwa ndege ya jeti, na njiani ilitua Entebbe. Laiti jeti zingefukuza mvua, ziwa lingekuwa limepungua tangu siku hiyo. Badala yake, mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 zililiinua kwa zaidi ya mita 2 kufikia mwaka 1964. Mwezi Mei 2020 lilifikia kimo cha mita 13.42 katika kipimo cha Jinja, likaivuka kidogo rekodi ya mita 13.41 ya mwaka 1964.

Twajua mbishi atasema: "Afande, mwaka 2020 ndege zilikuwa zimesimamishwa kwa sababu ya korona!" Ni kweli, uwanja wa Entebbe ulifungiwa abiria kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwanzo wa Oktoba mwaka huo. Lakini mvua zilizolijaza ziwa zilianza Oktoba 2019, wakati ndege zinaruka kama kawaida, na chanzo chake kikubwa kilikuwa joto lisilo la kawaida katika upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi.

DENI LA KWELI LA NDEGE

Je, basi ndege hazina kosa lolote? Tukisema hivyo tutarudia kosa letu la kwanza. Yale mawingu membamba yatokanayo na mistari hufanya kazi mbili. Mchana hurudisha juu sehemu ya mwanga wa jua. Mchana na usiku huzuia joto la ardhi lisitoroke, kama blanketi. Kwa jumla blanketi hushinda. Wataalamu walikadiria mwaka 2021 kwamba usafiri wa ndege huchangia kiasi cha asilimia 3.5 ya nguvu yote ya binadamu ya kuipasha dunia joto, na kwamba katika sehemu hiyo, mistari na mawingu yake huenda ikazidi hata hewa ya kaboni ya injini, ingawa makadirio ya mawingu yana mashaka makubwa. Sehemu kubwa ya mistari hiyo iko juu ya Ulaya, Marekani na Asia. Mama auzaye unga Nateete, ambaye hajapata kupanda ndege, hushiriki joto hilo.

Na joto hilo lina maana kwa mfereji wetu. Kila digrii moja ya joto inapoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa kiasi cha asilimia 7. Hewa yenye mvuke mwingi ikimwaga, humwaga kwa nguvu. Kwa hiyo hofu ya wananchi ilikuwa imeelekezwa kinyume. Hatuna haja ya kuogopa kwamba ndege itatunyima mvua. Tujiandae kwa mvua zitakazokuja kwa ghafla na kwa wingi, juu ya mtaa ambao umejengwa hadi ukingoni mwa kinamasi, na ambao mifereji yake imegeuzwa majaa.

Tulirudi kwenye baraza ile. Tulimwambia mzee mbele ya mjukuu wake: "Tulikosea. Ndege huweza kuongeza wingu, na huweza kulitoboa wingu jembamba. Haiwezi kufukuza mvua yenu." Akasikiliza hadi mwisho. Akauliza swali moja tu: "Na zile taka mferejini, nani anayezitupa?" Hatukuhitaji kusoma kitabu ili kulijibu hilo.

Jumamosi iliyofuata tulishika jembe pamoja nao. Mjukuu wa mzee alikuwa chini ndani ya mfereji akivuta mifuko, na mama wa unga alikuwa akisimamia kazi kutoka juu kwa sauti ambayo sajini yeyote angeionea wivu. Hatukumaliza siku hiyo. Sehemu ya chini, inapokaribia Nalukolongo, ingali imeziba, na mvua za Septemba hazitangoja.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mwananchi wa Nateete, utakapoyaona yakijikusanya upande wa ziwa, usiutafute mstari mweupe angani. Tazama chini ya miguu yako, uone kama maji yana njia ya kupita.